Msiba wa Pampu ya Losheni

Usiku wa jana niliota niko msibani, nimevaa suti ya kaki ambayo sina, na marehemu ni pampu ya losheni.

Pampu yenyewe naijua. Ni kile kichwa cha chupa unachobonyeza asubuhi losheni itoke, na karakana ninayofanyia kazi Mbagala ina kilima kizima cha vichwa hivyo. Sisi tunayeyusha plastiki, tunaimimina kwenye kalibu, zinatoka mbao za kutengenezea mabenchi. Vichwa vya losheni hakuna anayevitaka, na mimi, Mihambo, ndiye niliyemsihi Bi Mwanahawa, mwenye karakana, tuvikusanye. Nikamwapia kwamba vitatoa mbao. Mbao zikatoka kweli, na kila moja ikakatika katikati mtu wa kwanza alipokaa. Palipokatika tukakuta vipande vya chuma. Bi Mwanahawa akasema mashine ya kusaga imezeeka, inatema meno yake. Jana jioni akatamka: asubuhi lori linakuja, kilima chote kinaenda dampo, na mimi narudi kuosha chupa.

Sasa msiba.

Marehemu anabebwa juu ya sinia na wanaume wanne, nao wanatweta. Bi Mwanahawa anatangulia kama mfiwa mkuu, kitenge kimefungwa kifuani, kandambili zake za bluu miguuni. Tunafika makaburini. Shimo limeshachimbwa. Linakohoa kidogo kusafisha koo.

"Nani huyo?" Shimo linauliza.

"Pampu ya losheni," anajibu Bi Mwanahawa.

"Anaoza?"

"Haozi."

"Sasa nitakaa naye mpaka lini?"

Bi Mwanahawa anafikiri. "Mpaka wajukuu wa wajukuu zetu wachoke."

"Basi simpokei," linasema Shimo. "Kazi yangu mimi ni kuozesha. Kutunza vyombo ni kazi ya kabati."

Waombolezaji wanaguna. Limesema kwa adabu.

"Mfukieni hivyo hivyo," anasema Bi Mwanahawa. "Litazoea."

Hapo nikajua zamu yangu imefika. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Sisi ni watani, na kwenye msiba wa mtani wangu nina haki ambazo hata mwenyekiti wa mtaa hana. Naweza kumwigiza marehemu. Naweza kuchukua kitu cha mfiwa nisikirudishe mpaka akikomboe. Nikitaka, naweza kulala kaburini, na maziko yasiendelee mpaka nitoke kwa hiari yangu. Nikavua viatu, nikashuka shimoni, nikalala chali.

"Karibu," likasema Shimo. "Wewe unaoza?"

"Naoza, ila si leo."

"Hakuna haraka."

Bi Mwanahawa anachungulia kutoka juu. "Mtani, toka humo. Watu wana kazi zao."

"Sitoki. Nyie Wazaramo mnaharakisha maziko kwa sababu kuna ngoma mahali mmeisikia."

"Na nyie Wanyamwezi si mmezoea mizigo? Mbebe basi umpeleke kwenu Tabora."

"Nitambeba. Lakini dampo haendi."

Umati unacheka. Marehemu naye anacheka, kwa ile sauti ya chupa inayokaribia kuisha. Kisha anaketi juu ya sinia. "Naomba na mimi niongee," anasema, "maana msiba ni wangu."

Kabla hajaongea, maji yanaanza kujaa shimoni, na hili si kaburi tena. Ni tangi letu la kuchambulia plastiki, na makaburi yote yamekuwa uwanja wa karakana. Ukutani kuna maneno ambayo Bi Mwanahawa aliyaandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: KINACHOELEA CHETU, KINACHOZAMA SI CHETU. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Tunamwaga plastiki majini, inayoelea inaenda mashineni, inayozama inatupwa pamoja na vyuma na mawe.

Chujio kubwa la karakana limesimama ukingoni, limevaa tai.

"Msiba wote majini," linasema. "Sheria ni sheria."

Tunaingia. Mpishi wa msiba anazama na sufuria yake ya pilau, lakini kwanza anaaga vizuri. Wanaume wanne wa sinia wanazama kwa mpangilio, wa mbele kwanza. Bi Mwanahawa anaelea, kwa sababu amenuna na mashavu yamejaa. Mimi naelea chali, na marehemu anaelea kando yangu.

"Wanaoelea, mashineni," linasema Chujio, na linaanza kutuchota. Naiona mashine ya kusaga. Iko wazi, meno yake yote yamo, hata moja halijapungua. Hapo niliogopa kweli.

"Mtani," marehemu ananinong'oneza. "Mfukoni una nini?"

"Funguo. Bisibisi. Nati za baiskeli."

"Ni chuma hivyo?"

"Ni chuma."

"Na unaelea."

"Naelea."

"Kwa nini?"

Najipapasa kifua. "Nimevuta pumzi nikaishikilia."

"Basi na mimi hivyo hivyo," anasema. "Tumboni nina springi, na chini yake kigololi cha kioo. Mnatutia majini tukiwa wazima, tumeshika pumzi, tunaelea na vyuma vyetu ndani, na nyie mnasema safi, huyu wetu. Mbao ikikatika mnaisingizia mashine."

Mashine inasikia. Inafuta chozi la grisi. "Nilikuwa nimenyamaza tu," inasema. "Sikutaka kugombana na mtu."

"Sasa tufanyeje?" namuuliza marehemu.

"Univunje kwanza, ndipo uniogeshe."

"Utaumia."

"Mihambo, mimi ni marehemu."

Nikachukua nyundo, ambayo ilikuwa imekaa pembeni tangu mwanzo wa msiba ikisubiri kuombwa. Nampiga. Anatoa pumzi ndefu yenye harufu ya nazi. Kigololi kinazama bila maneno. Springi inaruka nje. Imebanwa tangu siku iliyozaliwa, kwa hiyo inajinyoosha kwanza, inatazama huku na huku, inasema inakwenda kutafuta kazi kwenye godoro. Plastiki inabaki juu ya maji peke yake. Inatoka, inajifuta, inaingia mashineni bila kusukumwa na mtu, na upande wa pili inatoka mbao. Nyuma yake vichwa vyote vya kile kilima vimepanga foleni, kila kimoja kikiulizia nyundo iko wapi.

Tukapigilia benchi. Waliozama wakaibuka kuja kukaa, mpishi akiwa na sufuria yake magotini. Wanaume wanne wakakaa. Hata Shimo lilikuja likakaa, ingawa sijui lilikaaje. Benchi halikukatika. Nilifurahi mpaka nikaona haya, maana tulikuwa bado msibani.

Bi Mwanahawa anaigonga mbao kwa kiganja, anakaa, anainuka, anakaa tena kwa kishindo.

"Ni nzuri," anasema mwishowe. "Lakini hii ni ndoto, mtani. Lori la asubuhi si la ndotoni. Nikiamka nitasahau, kama ninavyosahau ndoto zangu zote."

Maneno hayo yalinikata maini, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikifika kazini niseme nimeambiwa na pampu, nitakabidhiwa brashi ya kuoshea chupa kabla sijamaliza salamu.

"Basi kwa haki ya utani," nikasema. Nikainama, nikamvua kandambili ya mguu wa kushoto, ile ambayo mkanda wake umeshikizwa kwa waya mwekundu.

"Rudisha."

"Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa lori."

Akafungua mdomo anijibu, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mke wangu Nyamizi.

"Mihambo. Amka. Hii kandambili ya nani?"

Nyamizi amesimama kando ya kitanda, mkono mmoja una ufagio. Mkono wa pili ameshika kandambili ya bluu, ya kike, ya kushoto, yenye waya mwekundu kwenye mkanda. Inachuruzika maji. Sisi tunakaa Gongo la Mboto, mbali kabisa na Mbagala, na mlango niliufunga mwenyewe kwa komeo.

"Ya mtani wangu," nikasema.

"Imefikaje chini ya kitanda changu?"

Nilikuwa bado natafuta jibu ambalo lingeiacha ndoa yangu salama, simu ikalia. Nikaiweka sauti ya nje ili Nyamizi asikie, maana sikuwa na shahidi mwingine.

"Mtani," ikasema sauti ya Bi Mwanahawa.

"Naam."

"Niko hapa getini. Lori nimeshaligeuza, dereva amekasirika. Nimesimama kwa mguu mmoja kama nimelogwa, changarawe zinaniumiza. Niletee kandambili yangu."

"Nakuja sasa hivi."

Nikamsikia akiteta na mtu, au na kitu.

"Na uje na nyundo," akasema. "Huku wameshapanga foleni."