Toroli Tupu

Jumatano ya tarehe kumi na saba, mwezi wa tatu, kabla ya kengele ya chai, toroli la marobota lilishuka kwenye mteremko wa ghala la kiwanda cha nguo, likambana Mama Pacha ukutani, ufagio bado mkononi. Udongo wa kaburi haujakauka, wakubwa wakatoa kauli: ni uzembe wake. Toroli lilikuja polepole, wakasema, mwendo wa mtu asiye na safari. Angeweza kulizuia kwa mkono.

Mumewe, Baba Pacha, hakudai kitu kingine. Alitaka neno hilo lifutwe. Mwanamke amewafagilia vumbi lao hadi kifua kikaota kikohozi, leo wamfunike kwa tusi?

Wakamwita aje aone jaribio. Akaenda na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mpakiaji humo humo, ambaye njia nzima alimsihi auume ulimi. Mkaguzi wa usalama, kijana wa kofia mpya ya manjano, akamweleza kama anayefundisha mtoto kuhesabu: kishindo cha kitu kinachokwenda ni uzito wake mara kasi yake. Kasi ilikuwa ndogo, basi na kishindo kilikuwa kidogo. Meneja akaitikia kwa kichwa.

Toroli likaachiwa. Likashuka likilia magurudumu, na mkaguzi akalisimamisha kwa kiganja kimoja, tena akitabasamu.

Baba Pacha akachungulia ndani. Hamna hata uzi.

"Umesema uzito mara kasi," alisema. "Kasi nimeiona. Uzito mmeusahau nyumbani?"

Shemeji akamvuta shati. "Taratibu, shemeji. Mimi bado nakula hapa."

"Na dada yako alikula hapa hapa. Hapa pakamla."

Akataka wapakie marobota kumi na mawili kama siku ile, maana zamani yalikuwa sita, hadi wakubwa walipoona sita ni uvivu. Waliachie kwa mwendo ule ule, usizidi hata chembe, na mkaguzi asimame pale pale anyooshe kiganja chake.

Meneja akakohoa. Mkaguzi akarudi nyuma hatua moja, ingawa toroli lilikuwa limesimama, akasema haiwezekani, mzee wangu, kanuni haziruhusu mtu kukaa mbele ya mzigo kama ule. Ni hatari.

Wapakiaji wakaacha kazi, wakasogea kusikiliza. Shemeji akaliachia shati.

"Kwako wewe, mwenye kofia na viatu vya chuma, ni hatari," alisema Baba Pacha. "Kwa mke wangu, mwenye kandambili, ni uzembe. Nani alimpanga afagie pale?"