Ukuta wa Bi Zuleha

Bi Zuleha alishuka kutoka shambani na tenga la karoti kichwani, akapiga kona ya barabara ya Mgeta, akaikosa nyumba yake. Nyumba ilikuwepo, ila nyekundu kutoka msingi hadi kwenye bati, na ukutani msichana wa mjini kashika simu, anacheka meno yote nje. Juu yake maandishi makubwa: BETI LEO, KESHO TAJIRI.

Barazani, wanafunzi wake wa madrasa walikuwa wameshapata somo. "Beti leo, kesho tajiri!" waliimba kwa sauti ileile ya kusomea juzuu. Kamari! Tena kwenye ukuta anaouegemea akifundisha Kurani!

Mumewe, Yusuph, alitoka na fulana mpya nyekundu, kifua mbele.

"Wametupakia rangi bure, mke wangu! Na nyumba yetu iko mtandaoni."

"Nani kawaruhusu?"

"Waliuliza mwenye nyumba. Nikasema mimi."

Mwenye nyumba! Huku Uluguru ardhi hufuata tumbo la mama, hurithiwa upande wa wanawake. Yusuph alioa akahamia kwa mkewe, na hata mgomba mmoja pale hakuwa na ruhusa ya kuuza. Mtu mzima, sifa zikampofua.

Zuleha hakupoteza mate. Aliwaita dada zake na mama zake wadogo, wakakanyaga udongo, wakaanza kuukandika ukuta. Yusuph alivua ile fulana, akashika ndoo kwenda kuchota maji.

Nusu ya ukuta ilikuwa imeshafunikwa Wilfred, wakala wa kampuni ya kubeti, alipofika na pikipiki.

"Shikamoo mama. Hiyo ni mali ya kampuni. Mzee alisaini."

"Marahaba, mwanangu. Mzee ni mkwe wetu, hakuwa na cha kusaini. Rangi ni yenu kweli. Ikwangue uondoke nayo. Ukuta ni wa ukoo wa mama yangu."

Wanawake waliangua kicheko. Wilfred akachomoa simu.

"Nawarekodi. Nawarusha mtandaoni, nchi nzima iwaone!"

Dada mmoja alijificha uso kwa kanga. Zuleha hakujificha. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa raha. Alisogea mpaka akaijaza kamera, mikono imejaa tope hadi kwenye viwiko.

"Rekodi vizuri. Nasi tuna tangazo," alisema. "Ukuta uko Mgeta, unatazama barabara, malori yote ya Dar yanapita hapa. Hauuzwi, haukodishwi. Atakayeupaka tena, tutaukandika tena."

Kisha akaligeukia lile tope, kwani msichana wa ukutani alikuwa bado anacheka.