Vifundo Viguse Godoro

Mimi nasukuma vitanda kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja hapa Jutland, Denmark, na tumbo langu ndilo lililofundisha madaktari wapya kutumia ultrasaundi, mashine ya kuona ndani ya mwili. Mwezi wa tatu nililala siku mbili nimepakwa jeli baridi kama keki, vijana kumi na wawili wakipokezana kutafuta damu iliyovuja tumboni, ambayo sikuwa nayo. Kila walipofika upande wa kushoto, kwenye wengu, mwalimu alirudia yale yale: "Nyuma zaidi. Vifundo vya vidole viguse godoro." Hata usingizini nilimsikia. Siku ya mtihani Tilde, mmoja wa vijana hao, aliwashinda wote.

Kisha wakampeleka wadi ya wazee. Miezi minane hakuigusa mashine ile.

Novemba akarudi kwetu, na wiki hiyo hiyo akaletwa Preben, fundi wa mapaa. Alikuwa ameanguka na baiskeli, usukani ukamchoma mbavu za kushoto.

"Daktari, fanya upesi," akasema. "Nina mkate na samaki nyumbani, na paka anajua vilipo."

"Tulia kwanza, mzee," Tilde akasema.

Kulia alipima vizuri. Kushoto mkono wake ukabaki juu juu, karibu na kitovu. Kwenye kioo cha mashine palikuwa na ukungu mtupu. Nikaliona kosa, nikalifanyia mzaha, kama kawaida yangu.

"Hapo unatafuta wengu au stesheni ya redio? Mimi ulinichimba hadi godoroni."

Preben alicheka huku ameshika mbavu. Tilde uso ukamwiva.

"Malthe, fanya kazi yako."

Nikashika kitanda. Yeye akaandika kwamba hakuna damu tumboni, nami nikampeleka Preben kwenye foleni ya picha ya mbavu. Baada ya dakika arobaini aliacha kuongea. Walipompasua, wengu ulikuwa umechanika, na moyo wake ukasimama, haukurudi tena.

Tilde alinikuta kwenye ngazi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulitania. Wewe kila kitu unatania, nitajuaje siku unayomaanisha?"



Kesho yake mkuu wa idara alimwita. Nilikuwa mlangoni na kitanda kitupu, nikasikia.

"Una cheti cha ultrasaundi?"

"Ninacho. Kinaisha baada ya miaka miwili."

"Basi upande huo tuko salama," mkuu akasema, akaandika. Hakumuuliza mara ya mwisho aliishika lini mashine. Mimi sikuulizwa kitu.