Bafta ya Bi Mwanaidi

Vita vilikuwa Kagera, mimi nilikuwa Handeni, na bado nilifanikiwa kumjeruhi mtu: mama yangu mzazi.

Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji, na ugonjwa wangu ulikuwa kupenda makofi. Mwishoni mwa mwaka sabini na nane wenyeviti wote tuliitwa kwenye uwanja wa tarafa kutangaza michango ya vita. Sadala, mwenyekiti wa kijiji jirani, alitoa madume matatu ya ng'ombe. Watu wakashangilia mpaka nikawaonea wivu hata wale ng'ombe. Kijiji changu kilikuwa kimechanga mahindi, tena mengi, lakini mahindi hayana sauti, na ng'ombe wa Sadala walikuwa wanalia pale pale. Ndipo mganga wa zahanati akasema askari wanahitaji pia vitambaa vya kufungia vidonda. Nikarukia baiskeli, mbio nyumbani.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa shambani. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku, na ndani yake sanda yake mwenyewe, kama ilivyo kawaida ya bibi zetu: jora zima la bafta nyeupe, limekunjwa pamoja na kafuri. Alilinunua kwa pamba yake ya mwaka ule wa uhuru. Nikajiambia vita ni vya mwezi mmoja tu, na nchi inayolima pamba haiwezi kukosa kitambaa. Mambo ya uchumi niliyajua sana, maana nilikuwa nimehudhuria semina ya siku nne.

Nilipoinua ile bafta juu uwanjani, nilipigiwa makofi hata na waliokuwa wamesinzia.

Mama hakufoka. "Basi nikifa mtanifunga bendeji," alisema, akaenda kuchuma mboga.

Tulishinda vita, nami nikahutubia kana kwamba ndiyo kwanza nimeshuka kwenye kifaru. Tukaambiwa tufunge mikanda. Nikawahimiza wenzangu wafunge, mimi wangu nikiwa bado naulegeza. Sukari ikapotea, ikafuata sabuni, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Trekta la kijiji likageuka kiota cha kuku kwa kukosa dizeli. Bafta yenyewe ilitoweka mapema kuliko vyote, kwa sababu fedha za pamba yetu zilikuwa zimekwisha kwenye mafuta na silaha. Hilo nililielewa kwa kuchelewa. Semina ya pili haikufanyika, gari la mkufunzi halikuwa na petroli.

Mwaka wa themanini mama akaanguka kitandani. Nilipomwinamia alininong'oneza, "Malaika akija nimwambie asubiri kibali chako, mwenyekiti?" Nikacheka naye. Kisha nikatoka nje, nikaenda kulia nyuma ya choo.

Asubuhi yake nilimwacha na mke wangu Swaumu, nikadandia lori la kwenda Korogwe. Njia nzima nilikalia magunia ya pamba ya kijiji changu, nikienda kuomba kitambaa.

Karani wa duka la kugawia nguo aliitwa Simeo, kijana wa Bungu.

"Bafta ipo, mzee, lakini ni ya maiti tu," alisema. "Nani amefariki?"

"Bado. Ni mama yangu, anaumwa."

"Basi siwezi. Inatoka kwa barua ya kifo."

"Barua inaandikwa na nani?"

"Mwenyekiti wa kijiji," alijibu bila kuinua uso. "Na muhuri wake."

Muhuri ulikuwa mfukoni mwangu. Nikakaa barazani na karatasi gotini. Mkono huu ulishaandika magunia mia nne ya mahindi palipovunwa mia mbili, tena bila kutetemeka. Nikaandika jina la mama, nikaandika umri. Nilipofika kwenye neno "amefariki" mkono ulikataa katakata. Nikachana karatasi, nikaondoka mikono mitupu.

Nilifika nyumbani kesho yake adhuhuri. Mama alikuwa amefariki alfajiri, na alikwisha kuoshwa na kuvishwa.

"Kavishwa nini?" nilimuuliza Swaumu.

"Sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Bibi watano wamefungua masanduku yao, kila mmoja amekata kimoja. Sasa kila mmoja wao kapungukiwa."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna aliyewaambia, baba Mbwana."

Miaka sita nilikuwa nahubiri ujamaa kwa kipaza sauti. Niliingia kaburini kumpokea mama huku nimejaa aibu, nikamlaza.

Baada ya mazishi watu walikusanyika uani kwetu. Nikasimama kutoa shukrani, na kwa mazoea mabaya sauti ikatoka ile ile ya jukwaani: "Ndugu wananchi!"

Bi Zamda, mkubwa wa wale watano, alinitazama kutoka mkekani.

"Kaa chini, Mhina," alisema. "Mkutano huu hukuuitisha wewe."

Nikakaa.