Maji Yasiyo na Baridi

Mume wangu Sadallah alirudi alasiri kutoka kwenye karakana yake ya makochi, anatembea ameshika ukuta, na mimi kwa mdomo wangu huu nikamcheka.

"Baba Najma, leo saumu imekukamata kweli! Mpaka unaegemea kuta za watu?"

Hakucheka. Alisema ardhi inazunguka, akatapika uani, kisha zikaanza kwikwi. Nikamwambia afungue, mgonjwa anaruhusiwa. Akakataa katakata.

Mdogo wake, Abdulrahman, alikuwa amekuja kutoka Tegeta kufuturu na sisi. Tuliangaliana. Nyumba yetu inakijua kiharusi. Kilimpiga mama yao mwaka juzi: mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yote yakampotea. Tangu hapo kila mtu kwetu anajiona ni mpimaji.

"Kaka, hebu tabasamu." Akatabasamu. "Nyanyua mikono." Akainyanyua yote miwili. "Sema bismillahi." Akasema, ingawa sauti ilikwaruza.

"Alhamdulillahi, siyo kile cha mama," alisema Abdulrahman. "Hii njaa tu na jua. Akipata uji magharibi atakaa sawa."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nikarudi jikoni kukoroga uji wa pilipili manga, na kwikwi zikawa zinamkata bila kupumzika. "Nani huyo anakutaja huko?" nilipaza sauti. "Mwambie mkeo yupo!"

Alikuwa hajaswali alasiri, akataka kutia udhu. Tukamkalisha kwenye kigoda, nikammiminia maji ya mtungi. Nilipofika mkono wa kulia, akauangalia kama si wake.

"Mama Najma, umeyachemsha?"

"Nichemshe maji na joto hili?"

"Huku nasikia yanapita tu, hayana baridi. Mwaga kushoto." Nikamwaga. "Kushoto ya baridi kabisa. Na shavu hili la kushoto lina ganzi."

Nikamtazama usoni. Kope ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka nusu.

Hapo niliogopa. Nikaliweka birika chini. Saumu haimgawi mtu vipande. Njaa ikikuuma, inakuuma mzima.

"Shemeji, ita bajaji."

"Shemeji, tungoje kidogo tu tufuturu…"

"Nimesema ita bajaji! Au nimbebe mgongoni mtaa mzima utuone!"

Hospitalini alitupokea daktari kijana, Tupokigwe. Alimwambia Sadallah aguse kidole cha daktari, halafu aguse pua yake mwenyewe. Mkono wa kulia ulikwenda sawasawa. Wa kushoto ukayumba, nusura ajitoboe jicho. Wakampeleka kupigwa picha ya kichwa, na daktari aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni kiharusi," alisema.

"Lakini mikono si ananyanyua?" Abdulrahman alikuwa anabishana kama yuko sokoni. "Mama yetu alipopigwa hakuweza hata kutamka."

"Mama yenu uliziba mshipa wa mbele, upande wa kushoto. Ule ndio unaolisha sehemu ya maneno na nguvu za mkono wa kulia. Huyu umeziba wa nyuma, unaopandia shingoni. Huko ndiko kwenye mizani ya mwili, sauti na kumeza. Bomba la Mbweni likiziba, la Temeke si linaendelea kutoa maji?" Kisha akanigeukia. "Mama, amekula au amekunywa chochote?"

"Amefunga."

Alishusha pumzi. "Afadhali. Koo lake haliwezi kumeza sasa hivi; hata maji kidogo yanaweza kuingia mapafuni yakamuua. Asipewe kitu chochote mdomoni. Na usiku huu bado ni wa hatari, sitawadanganya."

Nikaufikiria ule uji niliouacha jikoni.

Adhana ya magharibi ikasikika. Wodi nzima watu wakafungua chupa za chai na vikopo vya tende. Abdulrahman alishika tende yake akashindwa kuipeleka mdomoni. Alikuwa analia.

"Mama Najma," Sadallah aliniita kwa sauti ya mkwaruzo. "Maji."

Tangu tuoane, futari yake ya kwanza hutoka mkononi mwangu.

"Daktari amekataza, mume wangu."

"Tone tu." Kwikwi ikamkata. "Nimefunga mie. Unanionea."

Alinyoosha mkono kuelekea chupa ya maji ya jirani, nikaushika nikaurudisha kitandani. Akanitazama kwa lile jicho lililofunguka vizuri, na sijawahi kutazamwa vile na mume wangu. Niliogopa kwamba akifa usiku ule, neno la mwisho atakalolisikia kutoka kwangu litakuwa hapana.

Akaomba tena.

"Hapana," nikasema.