Soksi za Archange

Soksi za Archange zilikuwa za sufu nyekundu. Mama mukwe wangu, Consolée, ndiye aliyezifuma tulipokuwa bado kijijini kwetu Kalembe na mihogo yetu iko shambani. Hapa Mushaki, kwenye kambi ya wakimbizi, baridi ni kali, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona mtoto wa mwaka mmoja na kidogo amefunikwa miguu mchana kutwa. Ni Consolée na mimi tu tuliojua kwamba soksi zimeanza kumbana.

Archange alikuwa na bwaki. Kwetu milimani kila mtu anaijua: mtoto anakosa chakula cha kujenga mwili, na badala ya kukonda anavimba, kuanzia miguuni. Nywele zinapauka, kicheko kinakwisha. Na kila mtu anajua watu watasema nini. Watasema baba na mama hawakuvumilia, wamemrukia mtoto kwa mimba nyingine kabla hajaacha ziwa. Mimba nilikuwa nayo kweli. Omer, mume wangu, aliniacha nayo alipokwenda kuchimba madini Bisie, halafu vita vikakata njia, na habari zake zikakatika pamoja na njia.

"Bakiona iyi miguu, batachekelea mutoto wangu Omer," Consolée aliniambia. "Na yeye haiko hapa ya kujitetea. Acha soksi."

Ningembishia vipi? Ndiye aliyembeba Archange mgongoni siku tulipokimbia.

Ndipo ikaja gari ya utafiti. Ulikuwa utafiti wa serikali, kwa pesa ya kodi. Walitaka kujua kama mama mwenyewe anaweza kupima mkono wa mwanawe kwa utepe wa rangi tatu na kumtibu nyumbani, pale vita vinapomzuia muganga kufika. Mtoto atakayepokelewa atapewa pakiti za karanga zilizosagwa na maziwa na sukari, mpaka apone. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa. Nililisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, kama tulivyofundishwa kwenye masomo ya jioni, na nilipofika mwisho nilikuwa nimeshamwona Archange akikimbia.

"Serikali haijatupatia hata barabara," alisema Virginie, jirani yetu wa kambini, mbele yangu kwenye mstari, binti yake mgongoni. "Leo inakuja kupima mikono. Labda inatafuta benye kubebea basoda bake mizigo ya vita."

Watu wakacheka, lakini masikio yao yalikuwa upande wa mlima. Tangu asubuhi mabomu yalikuwa yakilia huko, na kila yalipolia yalikuwa yamesogea karibu.

Zamu yetu ikafika. Muuguzi, Papa Athanase, alimzungushia Archange utepe mkononi.

"Kijani," akasema. "Mutoto iko muzuri, mama. Hatuchukue wa kijani."

"Docta, huyu ni mugonjwa," nikasema.

"Na miguu?" Mkono wa Athanase ulikuwa tayari kwenye soksi.

"Miguu iko muzima," Consolée akajibu kabla yangu. "Iko na kikohozi, docta. Ukimuvua kwa iyi baridi, unatuulia mutoto."

Athanase akatazama mstari mrefu, akatazama mlima, akaondoa mkono. "Mwingine."

Tukasimama pembeni. Utepe haujui kutofautisha maji na nyama; ule mkono ulikuwa umejaa maji. Dereva wao, Mumbere, alianza kupakia masanduku.

"Docta, njia ya Sake ikifungwa, tunabaki hapa," akaita. "Bibi yangu, mama ya batoto bangu, kule Butembo alisema nisirudi bila gari. Mi mwenyewe hata nisiporudi, haina shida."

Bomu likalia, karibu. Watoto wote walipiga kelele isipokuwa wangu. Archange alifumbua macho, akayafumba tena, kama mzee aliyechoka na wageni. Hapo nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi.

"Mama, unisamehe," nikamwambia Consolée.

Nikarudi kwenye meza, nikapenya mbele ya watu, nikavuta soksi. Ilikataa, nikavuta tena. Mguu ukatoka umechorwa alama za ufumaji. Nikaukandamiza kwa kidole gumba, nikaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale.

"Kumbe," akasema Virginie. "Na iyo tumbo, Noëlla, iko ya nani?"

"Ya Omer. Na huyu wa Omer. Docta, bonyeza mwenyewe."

Athanase alibonyeza mguu mmoja, akavua soksi ya pili, akabonyeza na ule. "Nilikuwa namurudisha nyumbani," akasema polepole. Akafungua pakiti. "Lakini anapashwa kula mbele yangu. Asipokula, izi pakiti hazitamusaidia. Itakuwa hospitali, na njia ya hospitali, ile ya upande wa mlima, imekwisha kufungwa."

Niliweka karanga kwenye ulimi wa mwanangu. Akaitema. Nikaweka tena, akageuza uso. Mumbere akapiga honi. Nilimwita Archange kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa majina yote niliyokuwa nayo. Mdomo ulibaki umefungwa.

Consolée akaja, akaketi chini karibu nami, mbele ya macho yote.

"Mutoto wa kwetu hakulake peke yake sawa mbwa," akasema. "Virginie, leta wako. Bakule pamoja."

"Hapana, mama," Athanase akasema. "Pakiti ni ya mugonjwa, haigawanywe."

Virginie hakusogea. Binti yake, naye aliyepimwa kijani, alikuwa mgongoni, amezungushiwa kitambaa mpaka vidole vya miguu. Kisha alimshusha, akafungua kitambaa. Miguu yake ilikuwa kama ya Archange.

Athanase akaitazama. Akafungua pakiti ya pili, akamwambia Mumbere azime gari. Nyuma yetu nikasikia akina mama wakifungua vitambaa.

Consolée alimlambisha binti wa Virginie kidole kimoja cha karanga. Archange akakifuata kile kidole kwa macho. Nikamwekea tena mdomoni. Hakutema. Mlima ukalia, na hakuna aliyekimbia. Nilikuwa natazama koo lake tu, lile koo dogo, mpaka likashuka.