Kushuka kwa Usiku Mmoja

Dada yangu Tabby alinipigia simu akiwa katikati ya bahari kuniuliza kama inafaa kushuka. Hivyo hivyo, hata salamu hazijaisha.

"Wacera, meli yetu itafika Mombasa Alhamisi asubuhi na kuondoka Ijumaa jioni. Unaonaje, inafaa mtu ashuke?"

Nilikuwa shambani hapa Wamagana nikikata majani ya ng'ombe, panga mkononi. Nikaketi chini papo hapo.

"Unauliza mimi? Wenzako kwa meli wanasemaje?"

"Wanasoma kwa mtandao. Waliopita wameandika ati Mombasa siyo bandari ya kushuka. Joto jingi, wauzaji wanakufuata hadi kwa gari, na magari yenyewe hayasongi. Wengi wanashauri ubaki melini uogelee."

Jamani! Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo Tetu nzima inajua. "Tabitha wa Kingori," nikamwambia, "kwani siku hizi unasoma maoni ya watalii ndiyo ujue kama kwenu kunafaa?"

Alicheka. Kile kicheko chake cha puani hakijabadilika, hata kikipita juu ya maji yote hayo. Halafu akasema netiwaki inasumbua, akakata.

Tabby ni mdogo wangu, ananifuata mgongo. Aliondoka hapa msichana mwembamba akaenda Uingereza kutunza wazee, akasema ni kwa miaka miwili tu, na sasa ana wajukuu. Hajawahi kurudi. Mwanzoni ilikuwa makaratasi: akitoka, haruhusiwi kuingia tena, na watoto wako kule. Baba alipokufa makaratasi yalikuwa bado. Ndugu yetu Ngatia alimshikia simu juu ya kaburi ili aone mazishi, netiwaki ikakatika mchungaji akiwa bado anaomba. Baadaye makaratasi yalitoka, na hapo ndipo sikuelewa tena. Mwaka huu goti, mwaka ule kazi, mwaka mwingine nauli imepanda. Halafu binti yake, Anita, akamlipia safari ya meli kama zawadi ya kutimiza miaka sitini, na meli hiyo, katika bandari zote za dunia, ikawa inapitia Mombasa. Mungu naye ana mambo yake.

Niliongea na Ngatia, ambaye ana teksi Nyeri mjini, tukapanga kila kitu. Tabby akishuka asubuhi apande ndege hadi Nairobi, Ngatia amchukue, awe amefika kwa mama kabla mchana haujaisha. Alale. Ijumaa mapema arudishwe, awahi meli yake. Nikampigia kumweleza, nikitegemea asante.

"Kwa usiku mmoja tu, Wacera? Safari yote hiyo?"

"Usiku mmoja una ubaya gani? Wengine hatujaupata."

"Wacha nifikirie," akasema.

Kufikiria! Nilikasirika hadi nikachoma ugali. Lakini nikiwa nakwangua sufuria nikajiambia, haya, huyu anataka maoni ya waliofika. Mimi nimefika, tena sijatoka. Wacha nimpe maoni. Nikaweka bando, nikaanza kumtumia sauti kwa Watsapu huku nikitembea.

Nikamwambia: sasa hivi niko kwa njia ya kiwanda cha kahawa, ile tuliyokuwa tukipanda na mizigo mgongoni, kamba imekaza kwa paji la uso. Ni msimu wa kusaga, na harufu ya maganda inafika hadi kanisani. Unakumbuka tulivyoichukia? Tulisema tukiwa wakubwa hatutawahi kukaa mahali penye harufu hiyo. Sasa wengi wameng'oa kahawa wakapanda avokado, na siku kiwanda kinaposaga mimi husimama hapa njiani nivute pumzi, watu wapite waseme Wacera amechanganyikiwa.

Nikamwambia: leo nimeona kijana na bodaboda amebeba ndizi za Mukurweini, nikamkumbuka baba na baiskeli yake. Tulikuwa tunasikia ile kengele pale kona kabla hatujamwona, na wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kukimbia, kwa sababu ulijua kuna ndizi moja iliyoiva amekufichia kwa mfuko wa koti. Ulidhani mimi sijui. Nilijua, Tabby. Nilikuwa nikikuacha utangulie.

Nikamkumbusha Kangema kwa shangazi, tulivyopelekwa likizo kuchuma majani chai tukarudi na vidole vyeusi ambavyo hata sabuni ya kipande haikuviweza. Nikamkumbusha mvua juu ya mabati, sisi wawili kitanda kimoja, na yeye na miguu yake baridi akiisukuma chini ya mapaja yangu. Aki ile miguu! Nilitaka hata kumtumia picha ya mlima, ukanikatalia. Siku nzima wingu tupu.

Nilituma nyingi hadi bando likaisha. Sitadanganya, nilipofika nyumbani macho yalikuwa yamevimba. Nilianza kwa kumtafuta yeye, nikajikuta namtafuta baba, na yule msichana niliyekuwa, ambaye kamba ya mzigo haikumwuma shingo.

Jumatano jioni akapiga. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimesikiliza zote. Nikarudia. Sasa niambie kitu kimoja, na usinifiche. Mama atanijua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Neno moja tu, ndiyo, na angekuja. Lakini nikamfikiria akiingia kwa ule mlango na ndiyo yangu mkononi.

"Sijui," nikasema. "Jumapili alinijua vizuri sana, akaniulizia watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Jumatatu akaniambia maziwa ya siku hizi ni mepesi, nimwambie mwenye ng'ombe aache kuongeza maji. Mwenye ng'ombe ni mimi! Ni hivyo, Tabby. Anakuja, anaenda."



"Mimi kazi yangu ni wazee," akasema. "Nimeona watu wakitoka mbali na maua. Wanakaa, mzee anawatazama tu, halafu wanaenda kulilia ndani ya magari yao. Nikibaki huku, bado niko na mama anayenijua. Nikishuka nitampoteza pale mlangoni. Baba sikumzika, Wacera. Nije na mama aniulize mimi ni nani?"

Kumbe. Miaka yote hiyo, goti na nauli, kumbe ilikuwa aibu ya lile kaburi, na sasa woga juu ya aibu. Hasira zote ziliniisha.

"Basi njoo kama mgeni," nikamwambia. "Kwa mama mgeni hajawahi kulala njaa."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alhamisi asubuhi nilimkama ng'ombe, nikavuka ua hadi kwa mama, nikafagia hadi nyuma ya choo bila kujua namfagilia nani. Mama yetu anaitwa Wachuka, na wakati huo alikuwa amekaa kwa jua, blanketi magotini, akiniangalia kwa upole kama mtu unayekutana naye sokoni. Mchana Ngatia akapiga simu.

"Weka chai," akasema. "Maziwa mengi."

Niliposikia gari lake niliwakimbilia hadi barabarani, umri wangu wote huu. Akatoka kwa gari mwanamke wa nywele nyeupe, amevaa gauni jepesi la melini na kandambili za dhahabu, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Tulishikana hapo barabarani tukalia kwa sauti, Ngatia akijifanya anaangalia magurudumu.

"Umezeeka, wewe," akaniambia.

"Na wewe umenenepa. Twende."

Sasa, kuna jambo la kwetu lazima nilieleze. Nyumbani kwa mama, mgeni haulizwi jina wala kilichomleta kabla hajala. Awe chifu, awe mtu amepotea njia, anakalishwa, anapewa chakula, halafu ndipo mnaulizana. Nikiwa mdogo niliwahi kumwuliza mzee mmoja, "Wewe ni wa nani?" kabla hajagusa sahani, mama akanipiga na mwiko uliokuwa bado na uji. Mama amesahau mambo mengi, lakini hilo halijamtoka.

Kwa hiyo Tabby alipoingia akapiga magoti akamshika mikono, mama alitabasamu tu, akamwambia, "Karibu. Keti." Basi. Akainuka mwenyewe, akakataa nimsaidie, akapakua njahi, yale maharagwe yetu meusi, na ndizi, akaweka sahani mapajani mwa Tabby. Halafu akaketi kumtazama akila.

Hakuna aliyejua kama mama amemjua na anangoja ale ndiyo waongee, au kama kwake ni mgeni tu. Ngatia alikunywa chai ambayo ilikuwa imekwisha kwa kikombe. Tabby alikuwa akila polepole sana, punje kwa punje, na mimi nilielewa kwa nini. Wakati sahani bado ilikuwa na kitu, mama bado alikuwa wake.

Mwishowe ikaisha. Mama akaipokea, akaiweka chini, akapangusa mikono kwa leso.

"Haya sasa, mgeni," akasema. "Wewe ni wa nani? Umetoka wapi?"

Nilimwona Tabby akifumba macho. Nikafungua mdomo niseme, mama, huyu ni Tabby, Tabby wako, lakini akanishika mkono kwa nguvu. Ni kazi yake, wazee. Najua sasa kwamba wanaowatunza huwa hawabishani nao.

"Nimetoka ng'ambo, mama," akasema. "Uingereza."

"Uingereza!" Mama akasogeza kiti. Uso wake wote uliamka. "Huko kuna msichana wangu. Anaitwa Tabby. Unamjua?"

"Namjua."

"Anakula vizuri?"

"Anakula, mama."

"Yeye hupenda kujinyima apatie watoto. Sasa ni vizuri umekuja, kwa sababu niko na neno lake na sina mtu wa kumtuma. Hawa," akatuonyesha sisi kwa kidole, mimi na Ngatia, "hawa siwajui sana."

Ngatia alitazama dirishani. Mama akamvuta Tabby karibu, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya nyumba.

"Mwambie siku ile ya kumzika mzee, tulipofika pa kutupa udongo kaburini, mimi nilitupa mara mbili. Watu wakafikiri ni uzee. Haukuwa uzee. Wa kwanza ulikuwa wangu. Wa pili nilimtupia yeye, nikamtaja jina na mzee akasikia. Mwambie alimzika baba yake kama hawa wengine wote. Naona haji kwa sababu anafikiri ana deni huko kaburini. Mwambie hana."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mama siku hiyo ya mazishi. Nilimwona akiinama mara ya pili. Nilimshika kiwiko nikamvuta pole pole, nikidhani amechanganyikiwa.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Tabby hadi shingoni, na hakuyapangusa kwa sababu mama alikuwa ameishika mikono yake yote miwili.

"Nitamwambia," akasema.

"Usisahau."

"Sitasahau, mama. Kuna lingine nimwambie?"

Mama akafikiri. Akamtazama mgeni wake kutoka juu hadi chini, lile gauni, zile kandambili, mikono iliyosimama vinyweleo, akaanza kuvua blanketi lake amfunike.

"Mwambie huku kuna baridi," akasema. "Akija avae vizuri."

Nikachukua ndoo nikatoka nje kukama ng'ombe. Nilikuwa nimeshamkama.